Ubao Kwenye Tita la Majani

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Vudee mama yako hajambo na tangawizi imekubali.

Unauliza kama nitakufichia kwamba shahada ya kompyuta unaisomea chumbani, kwa mtandao, maana wenzako wanakucheka. Mwenzio nilipoanza kisomo cha watu wazima, nilirudi nyumbani nimeficha ubao wa kuandikia ndani ya tita la majani, kwa aibu. Mama mkwe akalifungua alishe.

"Kumbe ng'ombe wetu wanasoma?"

Kesho yake akanitangulia njiani, ubao kichwani, akimwambia kila tuliyepishana naye kuwa ni wa mkwewe. Niliona aibu njia nzima, lakini nilifika. Mwandiko huu mzuri ni wangu, sikuandikiwa.

Nisamehe mama, kanisani nimeshawaambia wote.

Bibi yako