Alama ya Kaa la Udi

Mjukuu wangu Salma,

Hatujambo, isipokuwa goti la babu yako. Umeniuliza kwa nini meza ya sebuleni siifuniki, na ina alama ya kuungua.

Miaka ya tisini, tulipohamia Barking, London, niliinunua kwenye duka la mitumba. Niliipiga msasa siku mbili, nikaipaka vanishi, ila alama ile ilikataa kutoka. Nikaifunika kitambaa. Wageni walipokuja siku ya Idi nikawaambia ni meza mpya, ameniagizia mume wangu. Babu yako akainamisha macho.

Jirani yetu Bi Rukia alipoweka kikombe, kitambaa kikasogea. Akaitazama alama, akakirudisha kitambaa taratibu. "Meza nzuri," akasema mbele ya wote. "Mungu awape heri nayo."

Baadaye akanifuata jikoni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaa la udi lilianguka pale, harusi ya mwanangu. Hata mimi nilisugua nikashindwa, ndipo nikaipeleka duka la mitumba."

Hakumwambia mtu mpaka anakufa. Kitambaa nilikitoa siku ile ile ya Idi, lakini wageni walikuwa wameshaondoka. Wewe ndiwe wa kwanza ninayemwambia.

Bibi yako