Mlango Wenye Msalaba Mwekundu

Yaya Kalala, mkubwa wangu,

Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Mama yuko kanisani, nyumba imetulia, mimi ndiye siwezi kutulia. Ungekuwepo ungeniuliza kama nimekalia siafu.

Habari mbaya kwanza, niitue. Hatuko tena Musonoi. Kilio cha msiba wako kilipokwisha, wale watu wa kupaka rangi walifika na kwetu, wakachora msalaba mwekundu mlangoni, kama ule waliouchora barabara ya chini ulipokuwa mzima. Mgodi unataka nafasi. Mashine ya kubomoa ilianza na chumba cha mbele, chumba chako cha michezo, pale vijana walipobanana kwenye mabenchi mbele ya televisheni. Nilichukia, Yaya. Nilichukia hata machozi yakakataa kutoka. Sasa tuko Kapata kwa Mama Mdogo, mabenchi yako yamelala uani na mvua inayanyeshea.

Mashine ya michezo niliibeba mwenyewe kwenye pikipiki, mapajani, imefungwa kwa kitenge cha Mama. Ndani yake kuna ule mchezo wa mtoto na kibatari. Hukumwachia mteja mchezo wowote kabla hujamweleza. "Uzuri kwanza, ubaya nyuma, kisha unachagula weye mwenyewe." Basi leo nikueleze mimi.

Uzuri wake ni giza. Halikurukii kwa makelele, linakungoja. Mtoto hasemi, hana silaha, ana kibatari tu, na mafuta yakipungua unasikia pumzi yake inakuwa fupi, na yako pia. Halafu ile miguu ya mwenye jumba, asiyeonekana, inayotembea juu ya dari. Wateja waliruka kwa hofu, kumbe ni baruti ya mgodi. Siku nyingine wakacheka wakidhani ni baruti, mtoto akakamatwa. Wewe uliweka kiganja ukutani. Ukuta ukitetemeka ni mgodi, usipotetemeka, kimbia! Hapa Kapata bado naweka kiganja ukutani, sijui natafuta nini.

Mafumbo yake nayo yana akili. Kabati unalolisukuma mwanzoni utalihitaji mbele, hakuna kamba iliyoning'inia bure.

Ubaya: kuruka kwenyewe. Mtoto anaruka kama aliyeshiba bukari, anagonga bomba, anaanguka, unarudishwa mbali kabisa. Ulikuwa unaipiga maneti ya vitufe vya kuchezea kwenye goti na kumtukana aliyeutengeneza mchezo, wewe usiyetukana hata mbwa. Lakini ubaya mkubwa ni kwamba mchezo unahifadhi mahali pamoja tu. Ukiendelea, pale ulipoachia panafutika.

Na pale ni pako. Unapakumbuka: ukumbi mrefu, miguu inashuka ngazi, na mbele kuna mlango umechorwa msalaba mwekundu. Kila tulipoufikia ulipiga kelele, "Balishaweka musalaba! Tutoke mbio, batabomoa!" Ukamgeuza mtoto, tukakimbia, tukakamatwa. Vijana wote nyuma yetu walikubali. Nani Musonoi angeingia nyumba yenye msalaba? Tulijaribu mabomba, tukajaribu dirisha, tukazima kibatari. Siku ya mwisho ulikuwa tayari na homa, ukamwacha mtoto amesimama mbele ya ule mlango, ukasema, "Kesho." Kesho yake tulikupeleka hospitali.

Tangu hapo nawasha, namtazama, nazima. Vijana wa Kapata wanaomba kucheza, nawafukuza. Niliona nikibonyeza tu, nitakubomoa kwa mkono wangu, na watu wa mgodi walikwisha bomoa ya kutosha.

Ni Mama, Yaya. Mama aliyeita michezo yako kazi ya wavivu! Jana alipita na beseni la nguo, akasimama, akatazama televisheni. "Ule mutoto anasimama pa mulango tangu siku ile? Umuingize basi, baridi itamukamata." Akaenda zake kuanika.

Nilikaa na maneti mpaka Mama akamaliza kuanika. Nilikuona ukinikataza, nikakuona pia ukiniambia endelea. Halafu nikamwingiza.

Yaya, ndani kulikuwa na kitanda. Kitanda, blanketi, na chupa ya mafuta ya kibatari. Miguu ilifika mlangoni, ikaona msalaba, ikapita. Kwao huko msalaba ni mahali pa kujificha! Nilicheka mpaka Mama akaja, akanikuta nalia. Sijui mlango ule niuweke kwenye uzuri au kwenye ubaya. Nina hasira na aliyetengeneza, maana kwetu msalaba haujamficha mtu. Lakini mtoto alipojifunika blanketi nilishukuru, nilishukuru sana.

Mahali pako pamefutika. Nimepatafuta, hapapo. Inauma, sikufichi.

Wiki hii nayaingiza mabenchi ndani, Mama Mdogo amenipa chumba kimoja chenye dirisha. Nakuahidi: hakuna mteja atakayeshika maneti kabla sijamwambia uzuri, kisha ubaya. Ila ule mlango sitamwambia mtu. Wauhangaikie kama tulivyouhangaikia sisi, na atakayepiga kelele kuwa watabomoa, nitajua ametoka Musonoi, nitamkalisha karibu nami.

Nenda sasa, Yaya. Mtoto ameingia ndani, hana baridi tena.

Mdogo wako,
Kabedi