Mbegu za Pangoni

Kagerankanda, Kasulu
11 Novemba 2014

Kwa dada yangu Odilia,

Pokea salamu za mdogo wako. Natumaini mguu wa mama umepata nafuu, na huko Nyabibuye mvua imewafaa. Mimi mwili ni mzima, nimechoka tu. Jumapili nilikupigia simu, ukaitika, nikakata. Nimeona heri niandike.

Bado nawabebea nyavu wataalamu wa popo. Popo tunawanasa kwenye mdomo wa pango, Daktari Hilali anawapangusa kinywa kwa pamba, kisha tunawaachia. Mwezi uliopita majibu ya maabara yalirudi. Alitueleza sisi vibarua kwamba popo wale wana virusi vinavyoitwa korona, tena si vya aina moja. Vinasaba vyake havifanani hata kwa popo wa pango moja. Nikamuuliza kama vinaua watu. Akasema hawajaona vikimuuguza mtu, ila vingine ndiyo kwanza vinaonekana.

Jioni nikamsimulia mke wangu. Nilimwambia ni kama maharage ya mama, gunia moja mbegu mchanganyiko, nyekundu, za njano, za madoa. Nilidhani atacheka. Evaline aliniuliza nimeshika mbegu ngapi kabla ya kumbeba mtoto.

Dada, kaa chini kwanza. Loyce wetu hatunaye. Homa ilimpanda ghafla, zahanati wakampima wakakuta malaria, imeshapanda kichwani. Tulimzika Alhamisi. Evaline hataki kusikia malaria. Alisema mbele ya waombolezaji kwamba nilimletea mwanawe mbegu ya pangoni. Nilipomrudishia maneno ya daktari, alijibu kwamba kama nyingine hawajawahi kuziona, wangezitambuaje kwa mtoto. Jumamosi alipanda gari kurudi kwao Kakonko.

Nakuomba umfuate kabla hajaniacha kabisa. Usibishane naye. Mbele za watu nasema malaria, na naamini ni malaria. Lakini nikibaki peke yangu naitazama mikono yangu, siijui. Hilo sijamwambia mtu. Mwambie yeye. Mwambie naogopa kama anavyoogopa, labda ataniruhusu tumlilie mtoto pamoja.

Mama umweleze akiwa ameshakula. Shemeji na watoto wote nawasalimu.

Ni mimi mdogo wako,
Nestori