Koti Lililotoka Nyumba ya Panya

Mwaka umetimia, Baba, tangu Jumapili ile ulipovaa viatu mlangoni kimyakimya ili usituamshe. Mama alikuwa macho. Akakuuliza, hata Jumapili jamani? Ukamjibu jibu lako la miaka yote: "Panya hawana Jumapili, mke wangu. Wanakula kila siku." Ukatoka, na hukurudi.

Mwenzako wa zamu alikukuta chumba cha nyuma, pale mnapomwaga maranda machafu ya vizimba. Ulikuwa umeketi chini, umeegemea magunia. Dawa yako ya pumu, ile ya kuvuta, ilikuwa mfukoni mwa suruali, na suruali ilikuwa chumba cha kubadilishia nguo, imetundikwa msumarini. Sheria ya nyumba ya wanyama wa utafiti pale chuoni ni kwamba kitu cha nje hakiingii ndani, si simu, si saa, si pete. Wengine walipenyeza simu kwenye soksi. Wewe ulitii, ukaiacha nje hata pumzi yako.

Na pumu yenyewe ulipewa na vumbi la panya. Daktari alikuambia utafute kazi nyingine. Ukamwambia sawa daktari, asante daktari, kesho yake ukaenda kuwapa panya maji.

Ulikuwa mtu wa taratibu, Baba. Ulianza kuimba puani kabla ya kuingia chumba chochote, ili aliyemo asishtuke. Ulitubeba kwa viganja viwili kutoka chini. Hukuwahi kumvuta mtoto mkono, kwa sababu panya akivutwa mkia hushinda na hofu kutwa nzima. Tumelelewa kama wao, na hatuoni haya kusema.

Mtaani walikuita Baba Panya. Watoto wenzetu walipotucheka, ulituambia tuwajibu kwamba ndugu zetu wa chuoni wanakula kwa wakati. Mama mkubwa, dada yake Mama, hakuacha kukutania hata siku moja. "Shemeji, leo umewaogesha wangapi?"

"Wote. Umebaki wewe tu, nimekuwekea maji."

Alicheka mpaka akamwaga chai. Hajamtania mtu tena hapa nyumbani.

Mama hakujipaka manukato tangu siku ulipomwoa. Ulimweleza kwamba mama panya akinusa mkono asioujua anaweza kupagawa, akawatafuna wanawe. Basi nyumba nzima tukaoga sabuni isiyonukia kwa ajili ya panya tusiowahi kuwaona. Na wewe ulioga tena kazini kabla ya kurudi, usituletee vumbi. Ulifika kwetu hunuki chochote.

Utafiti ulipokwisha panya walipitishiwa gesi, na kazi hiyo hukumwachia mtu. Siku hizo chakula hakikukupita kooni. Mama alikuuliza mara moja kwa nini usiwaachie wengine.

"Wengine wakiwashika wanaogopa. Mimi wananijua."

"Ndiyo maana unawaua wewe?"

"Ndiyo maana."

Mama akaiondoa sahani yako, akaifunika.

Hospitali walitupa mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na koti lako la kazi, lile ulilotoka nalo mwilini kwa sababu hakuna aliyekuwa na nafasi ya kukuvua. Mama alipofungua mfuko akakaa kitandani. Lilinuka jasho lako, maranda na panya. Ndiyo harufu uliyokuwa nayo mchana kutwa, wao wakiijua na sisi hatuijui. Akalitundika nyuma ya mlango, akatukataza kulifua.

Msiba haujapoa, mwenzako wa zamu akaja. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kukopa.

"Shemeji, panya wanakula watoto wao. Kila wanaozaliwa. Tumebadilisha sabuni, tumebadilisha watu, wapi. Wanamtafuta yeye. Nipe lile koti niwashike nalo. Nitaliingiza kwa siri."

Mama alimtazama mpaka mwenzako akainamisha macho. "Panya wenu wameshamla mume wangu. Sasa mmekuja kuwachukulia na nguo?"

"Si hivyo, shemeji."

"Mchana kutwa alikuwa mtu wao. Hili ni langu."

Mwenzako akaondoka bila kugusa maji tuliyomwekea.

Kitinda mimba wako ndiye aliyeanza kulishusha koti. Alilala nalo, akijifunika mpaka kichwani, mikono yako ikiwa mirefu kumpita. Mama alimwona, akamwacha. Akaona amepata wa kushirikiana naye harufu yako. Mtoto akaanza kukohoa. Tukasema ni mafua. Kila alipokohoa, Mama alimfunika koti lako vizuri zaidi, akimbembeleza, "Baba yupo hapa, Baba yupo." Kifua kikaanza kupiga mluzi, ule mluzi wako, Baba. Tuliusikia sote tukiwa mezani, na kijiko kikamponyoka Mama.

Hospitali alimpeleka amemviringisha ndani ya koti hilohilo. Daktari alisikiliza kifua, kisha akauliza baba wa mtoto alikufa kwa nini. Mama akasema. Daktari akauliza hiyo nguo ni ya nani. Mama akasema.

"Mama, mvue hiyo nguo. Mvue sasa hivi."

Mtoto alilia akiling'ang'ania, na Mama ndiye aliyembandua kidole kimoja kimoja.

Kesho yake alilikunja, akalirudisha kwenye mfuko wake wa plastiki, akalipeleka chuoni mwenyewe. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika pale ulipofanya kazi. Mwenzako wa zamu alitoka kumpokea kwenye kibaraza.

"Nimewaletea," Mama akasema. "Wavalieni, watulie."

Mwenzako hakunyoosha mkono. "Hawapo tena, shemeji. Watoto wote wameliwa, utafiti umeharibika. Tuliambiwa tuwapitishie gesi. Wiki iliyopita."

"Nani aliwashika?"

"Mimi."

"Waliogopa?"

Akavuta mikono ya koti lake kufunika viganja, lakini Mama alishaona bandeji. "Waliuma," akasema. "Mpaka wa mwisho."

Mama akampa mfuko hivyohivyo. Mwenzako akamwambia taratibu kwamba lazima koti lipite kwenye mashine ya kufulia kwanza. Lilikaa sana nyumbani, limeshakuwa kitu cha nje. Mama akasema anajua sheria, aliishi nazo. Alikaa kwenye benchi la kibarazani mpaka mashine iliponyamaza ndani, ndipo akarudi kwetu.

Hatuna namna ya kukusahau, Baba, wala hatuitafuti. Anakukumbuka mkeo, aliyekuona mara ya mwisho ukivaa viatu. Tunakukumbuka wanao watatu. Wanakukumbuka dada yako na kaka yako, mama mkubwa ambaye maji yake bado yapo, na mwenzako wa zamu, ambaye alama za meno hazijamtoka mkononi.

Kitinda mimba analala vizuri siku hizi, na dawa yake ya kuvuta tunaiweka chini ya mto. Koti limekuwa jeupe, analivaa mtu aliyechukua kazi yako. Panya wapya wameletwa, wamezaa, na wanalea watoto wao bila shida, kwa sababu hawakujui.

Mama anajipaka manukato kila asubuhi.