Plasta Isilowe

Jumatatu, 5 Mei
Mvua tangu alfajiri. Nimefungua duka saa mbili, vinyago nikavirudisha nyuma, miavuli nikaitoa mbele. Ndivyo tufanyavyo kila masika hapa Ndia Kuu. Watalii hakuna, twiga wa mbao hawana mnunuzi, na mwenye duka, Bwana Athmani, anasema tuuze kulingana na mbingu. Nimeuza mitano. Wote niliowauzia nimewaapia kuwa haipinduki. Inapinduka. Najua, maana hurudishwa imevunjika mbavu na mimi ndiye ninayeambiwa maneno.

Alhamisi ni plasta ya pili ya Rehema. Ana wiki saba. Mguu wake wa kushoto alizaliwa nao umepinda, unyayo umegeukia ndani. Kila wiki wanaunyoosha kidogo na kuufunga plasta kuanzia vidoleni hadi pajani. Kliniki iko Likoni, sisi tuko Mji wa Kale, na katikati kuna feri na upepo wake. Sharti ni moja: plasta isilowe. Ikilowa inalegea, na mguu unarudi ulikotoka.

Mguu siwezi kuunyoosha. Mvua nadhani naiweza.

Jumanne, 6 Mei
Wakati wa chakula cha mchana nilibeba miavuli ya kila aina hadi uwanja wa mbele ya Ngome, ambako upepo hauna mswalie Mtume. Ule wa kukunja haukumaliza hata dakika. Wa mpini wa mbao, mbavu nane za chuma, ulipinda mbavu tatu. Mrefu mweusi wenye mbavu za faiba na kitambaa cha tabaka mbili, ulioachwa upenyo juu ili upepo upite, ulitetemeka lakini ukasimama. Muuza kahawa akaniuliza kama niko salama kichwani.

Huo mrefu nimeuchukua kwa ajili ya Rehema. Mingine nitaendelea kuiapia. Naona haya kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyo.

Alhamisi, 8 Mei
Kichochoro chetu hakiingii tuktuk, kwa hiyo tumetembea hadi barabarani. Mwavuli haukupinduka, hata pale Feri tulipoteremka kwenda kupanda. Lakini mvua ya Feri haitoki juu. Inakuja ubavuni. Mke wangu Mwanaisha akauficha mguu wa mtoto ndani ya buibui lake, mimi nikawa nazungukazunguka na mwavuli kama mpumbavu, nisijue niweke upande gani.

Chumba cha plasta wanaingia kina mama tu, ni kidogo. Nilikaa ukumbini. Nikamsikia Rehema akilia mwanzo hadi mwisho. Kilio cha maumivu au cha kushikwa tu, sijui. Mwanaisha anajua, sikumuuliza.

Jumamosi, 10 Mei
Nimetafuta mfuko mmoja wa nailoni mji mzima. Serikali ilipopiga marufuku mifuko hiyo nilikuwa wa kwanza kushangilia, mitaro ilikuwa imeziba. Leo ningeubusu mmoja.

Basi nimechukua koti la mvua dukani, nimekata mkono wake, nikashona mwisho ukazibika, nikapitisha lastiki mdomoni. Nikamvalisha. Umefika pajani vizuri, juu kabisa ya plasta. Mwanaisha akasema unambana. Nikamwambia lazima ubane, la sivyo maji yataingia.

Alhamisi, 15 Mei
Plasta ya tatu. Mvua kubwa kuliko zote, maji yamefika kwenye vifundo vya miguu pale kituoni. Tulipofika nyumbani nilivua ule mkono wa koti. Plasta kavu kabisa. Nimefurahi mno. Miezi miwili nimekuwa baba wa kusimama ukumbini, leo nimefanya kitu.

Jumatatu, 19 Mei
Dari limeanza kuvuja, juu ya kitanda hasa. Nimesogeza kitanda, tone likahamia nacho. Nimesema mtoto avae ule mkono hata ndani ya nyumba, usiku na mchana. Mwanaisha hakutaka. Tumegombana. Nikapaza sauti, jambo ambalo silipendi nafsini mwangu. Akamvalisha.

Jumatano, 21 Mei
Harufu tangu asubuhi. Tulidhani nepi. Adhuhuri Mwanaisha akavuta lastiki, akatoa ule mkono wa koti.

Plasta imekuwa kama mkate uliochovywa chai. Inabonyea. Vidole havionekani, mguu umepanda juu ndani yake. Paja jekundu. Mvua haijafika hapo hata tone.

Mwanaisha alisema pole pole, bila hasira: "Si mvua hii. Mwana amekojoa, nawe umemfungia humo humo."

Siku mbili nepi imekuwa ikivuja, na mimi nimeyaziba maji yasitoke. Sina wa kumlaumu. Nimerudi dukani, nikamuuzia mama mmoja koti la mvua, akaniuliza kama kweli halipitishi maji. Nikasema halipitishi. Mara hii sikuapa uongo.

Alhamisi, 22 Mei
Mwanaisha ana homa. Nimevuka na Rehema peke yangu. Mvua ilikuwa manyunyu.

Sista Mbodze, anayefunga plasta, aliniita niingie kwa kuwa mama hayupo. Nilijitayarisha kutukanwa. Hakunitukana. Aliibonyeza plasta kwa kidole, akasema mguu umerudi karibu wote, leo tunahesabu hii ni ya kwanza. Nikamuuliza kama utanyooka. Akasema wanajaribu.

Akaniwekea beseni la maji ya vuguvugu na kikombe.

"Mwagia, Baba Rehema. Bila maji haitoki."

Mkono ulikataa. Nilikishika kikombe tu. Akangoja, hakunikimbiza. Nikamwagia kikombe cha kwanza, cha pili, maji meupe yakateremka hadi kwenye viatu vyangu. Yeye akafungua kitambaa tabaka kwa tabaka hadi mguu ukatoka.

Tangu plasta ya kwanza sikuwa nimeuona. Mdogo kuliko nilivyokumbuka, umekunjamana, unanuka, bado umegeukia ndani. Sista akanipa sabuni, akaenda kutayarisha plasta nyingine. Nikauosha. Kisigino, unyayo, katikati ya vidole kimoja kimoja. Rehema aliacha kulia, akanisukuma kiganja kwa ule mguu, kwa nguvu.

Sista aliuliza kama nimemaliza. Nikasema bado. Ulikuwa umeshatakata, nikauosha tena.