Mwalimu Bonaventura Hhando, Aliyeifundisha Kompyuta Maneno Yetu

Baba, leo mwaka umetimia tangu Alhamisi ile, Agosti 17, 2006, ulipotuaga hapa Tlawi. Bado hatujaizoea nyumba bila wewe.

Ulikuwa mwalimu wa hesabu. Ukiamkiwa shikamoo ulisimama ndipo uitikie, hata kwa mtoto wa chekechea.

Mwaka 1998 Bibi Marieta, mama yako, alifariki. Kijitabu cha nyimbo za maziko kilipangwa mjini kwa kompyuta, nayo haikuijua herufi yetu ya mkwaju, alama ya /, ile ya sauti ya kooni. Iliyakata maneno ya Kiiraqw hapo hapo, kipande juu, kipande mstari wa chini. Waimbaji walikwama, wimbo ukafia kaburini. Ulimfuata mpiga chapa.

"Kompyuta ndivyo ilivyo, Mwalimu," akakujibu.

"Basi yupo aliyeifundisha hivyo. Na mimi nitaifundisha."

Ulimtafuta Mzee Nikolausi, aliyepanga herufi za risasi za kuchapia vitabu kwa mkono miaka thelathini. Alikueleza kwamba kompyuta humaliza mstari mmoja ndipo iuwaze wa pili. Yeye aliitazama aya nzima kabla ya kuamua neno gani lishuke. Ukarudi shuleni, na kwa miaka saba, kila vipindi vilipoisha, ukaandika programu yako ya kupanga aya vile vile kwenye kompyuta kuukuu ya ofisini.

Ukurasa wa kwanza ulipotoka, Mama aliusoma kwa sauti bila kukwama. Wewe uligeukia dirishani ukafuta machozi.

Kisha ini likakulaza. Ulimpigia simu binti yako Belinda, anayefundisha shule ya Gehandu.

"Njoo nikuelekeze, mwanangu. Kazi haijakamilika."

"Nisamehe Baba, nasahihisha mitihani. Nitakuja Jumamosi."

Jumamosi alikuja kukuzika.

Baada ya matanga aliifungua programu peke yake. Katikati ya kanuni zako alikuta umejiandikia: "Hapa nimeshindwa. Belinda ataelewa kuliko mimi." Alilia mpaka Mama akaenda kumchukua ofisini. Mpaka leo hajaelewa, Baba. Kila likizo anarudi kukaa pale na kujaribu.

Unakumbukwa na mkeo Fransiska, wanao Belinda na Kenneth, dada yako Ludovika, wajukuu, na Mzee Nikolausi, ambaye bado anakuulizia akidhani uko shuleni.

Pumzika, Baba. Hakuna siku tutakayokusahau.