Nyumba ya Babu Mwinyi

Baraka, kwetu

Kaka Yasini,

Mama anakusalimia sana. Mihogo ya Lweba imekubali mwaka huu.

Ujumbe wako wa kuuza nyumba ya babu Mwinyi ulitufikia. Uliondoka zamani, pengine umesahau ule mulango wa muvule, maua na nyota zilizochongwa mpaka juu, na matao ya baraza yanayotazama ziwa. Babu alikuwa mukubwa wa muji huu, akaleta bafundi toka Ujiji. Mama anasema mupaka leo hakuna nyumba ingine ya vile Fizi yote.

Mwezi jana ziwa lilipanda, likabomoa nyumba za kando. Batu bakakimbilia kwetu. Niyokwizera, mukimbizi wa Burundi, akazalia chumbani mwa babu, chini ya ile dari yenye nakshi ya buluu. Mama mwenyewe alipokea mutoto.

Kesho yake mununuzi wako akafika kupima kuta. Mama akamuzuia barazani.

"Punguza sauti, baba. Ndani kuko muzazi."

Mununuzi akaenda zake. Kaka, mama hatauza, na mi niko naye. Usikasirike. Kuja na bibi yako mumuone mutoto. Chumba chenu kingali kizuri.

Dada yako,
Husna